Safari ya wanafunzi kwa meli hadi Antaktika: uliza kwanza meli inabeba wangapi

Kipeperushi cha safari ya wanafunzi kwenda Antaktika kikimfikia mzazi au mwalimu, macho hukimbilia picha ya pengwini, kisha bei. Vyote viwili havisemi chochote kuhusu ubora wa safari yenyewe. Namba ya kutafuta ni nyingine, na mara nyingi imewekwa kurasa za nyuma kwa maandishi madogo: meli inabeba abiria wangapi.

Karibu kampuni zote zinazoshusha watu kwenye Rasi ya Antaktika zimo katika IAATO, jumuiya ya waendesha utalii wa huko iliyoundwa mwaka 1991. Kanuni yake ni kwamba mahali pamoja wasishuke zaidi ya watu 100 kwa wakati mmoja, na kila abiria 20 wawe na kiongozi wao. Meli yenye abiria zaidi ya 500 haishushi hata mmoja. Hupita ikitazama kwa mbali. Sasa piga hesabu. Wanafunzi 60 kwenye meli ya watu 100 hushuka wote pamoja na kukaa ufukweni saa mbili na nusu, wakati mwingine tatu. Wanafunzi haohao kwenye meli ya watu 190 huwekwa zamu: nusu ya meli inazunguka kwa boti za mpira, nusu iko nchi kavu, kisha wanapokezana. Kila mmoja hupata kama saa moja na robo ya kukanyaga ardhi. Toa muda wa kuvua na kuvaa jaketi okozi, toa muda wa kusikiliza maelekezo, zinabaki dakika hamsini.

Kuzunguka kwa boti nako kuna faida yake, maana nyangumi, na sili waliolala juu ya vipande vya barafu, huonekana vizuri zaidi kutoka majini. Lakini kuhesabu viota, kupima kina cha theluji au kuchora ramani ya njia za pengwini ni kazi ya miguu. Ndiyo maana meli ya abiria 300 au 400 siipendekezi kwa wanafunzi hata ikiwa nusu ya bei. Ya 100 hadi 130 ndiyo inayofaa. Ikifika 200, hakikisha umeoneshwa kwa maandishi jinsi zamu zitakavyopangwa.

Jambo la pili ni siku. Safari iliyoandikwa "siku 11" ina siku tano tu za Antaktika. Siku ya kwanza ni ya kupanda meli Ushuaia, mji wa kusini kabisa mwa Argentina, jioni. Ya pili na ya tatu huliwa na Mlango wa Drake, kilomita kama 800 za bahari wazi kati ya Cape Horn na Visiwa vya Shetland Kusini. Ya tisa na ya kumi ni kurudi palepale baharini, na ya 11 ni kushuka. Katika zile tano hupangwa shughuli mbili kwa siku, na upepo hula moja, mbili au tatu kati ya hizo kumi. Anayeahidi kushuka mara kumi anaahidi hali ya hewa, na hali ya hewa si mali yake. Mkataba wa kampuni ya kuaminika husema wazi kwamba ratiba ni makusudio, na kwamba mkuu wa msafara na nahodha wanaweza kuibadili saa yoyote.

Zipo pia safari zinazoruka Drake kwa ndege, kutoka Punta Arenas nchini Chile hadi Kisiwa cha King George. Zinaokoa siku nne, lakini ukungu ukitanda uwanja hufungwa na kundi hukwama upande mmoja au mwingine. Zaidi ya hapo, Drake yenyewe ni darasa. Katikati yake meli huvuka mpaka ambapo maji baridi ya kusini hukutana na yale ya kaskazini yenye joto kidogo. Wanafunzi wakiandika joto la maji kila saa kutoka kwenye kipimo cha meli, wataona namba ikishuka kutoka nyuzi 5 au 6 hadi 2 na chini yake ndani ya muda mfupi, hewa ikibadilika na ndege wakibadilika. Programu inayowaacha wanafunzi walale siku mbili hizo bila kazi imepoteza theluthi ya somo.

Bila shaka, kazi hiyo inamhitaji mtu anayeweza kusimama. Bahari ikichafuka, mawimbi ya mita sita au zaidi hutokea, na kosa linalorudiwa kila msimu ni kusubiri tumbo livurugike ndipo dawa itafutwe. Kidonge kinachomezwa wakati huo hutapikwa. Meli ikiondoka Ushuaia saa kumi na mbili jioni husafiri kwanza ndani ya Mlango wa Beagle palipo shwari, na hufika bahari wazi karibu usiku wa manane. Dawa, iwe meklizini au sinarizini, imezwe kabla ya kulala usiku huo, kwa kipimo alichoandika daktari wa nyumbani kulingana na umri wa mwanafunzi. Plasta ya skopolamini inayobandikwa nyuma ya sikio hufanya kazi siku tatu, lakini ni ya watu wazima. Hukausha mdomo, na aliyeishika akajigusa jicho bila kunawa, mboni hutanuka na kuona huwa kwa ukungu. Chakula kikavu kidogokidogo husaidia kuliko tumbo tupu.

Hapa pia ndipo bei hudanganya. Chumba cha bei ya chini, kilicho sitaha za chini na katikati ya meli, huyumba kidogo kuliko cha ghali kilicho juu chenye roshani. Kwa wanafunzi chukua cha chini bila kusita. Waambie mkono mmoja uwe kwenye reli wakati wote, na kidole kisiwekwe kwenye fremu ya mlango: vidole vilivyobanwa na milango mizito na watu walioanguka ngazini ni kazi ya kila siku ya daktari wa meli anayevuka Drake.

Kabla ya kushuka mara ya kwanza kuna ukaguzi wa mbegu na udongo. Sehemu hii hupuuzwa kwenye vipeperushi, nami naitumia kupima ukali wa kampuni. Kila vazi la nje, mkoba, kifuko cha kamera na fimbo ya kutembelea hupitishwa mashine ya kufyonza vumbi, kisha hukaguliwa kwa macho. Velkro, ule utepe wa kunasana, ndiyo yenye taabu kuliko vyote. Fungua kishikizi cha mkono wa jaketi chini ya taa, na utaona nyuzi, nywele, na katikati yake kijimbegu cha nyasi kisichozidi ukucha wa mtoto mchanga. Hakitoki kwa kupigwapigwa. Hutolewa kwa kibanio cha nyusi na sindano, kimoja kimoja. Mifuko hugeuzwa nje ndani. Soli za mabuti huchokolewa kwa kijiti mpaka mfereji wa mwisho. Kisha mtu hutia sahihi fomu. Kampuni inayomaliza kazi hii kwa abiria mia moja ndani ya nusu saa haijafanya kitu.

Hofu hiyo ina msingi. Nyasi ndogo iitwayo Poa annua ilishaota karibu na kituo cha Wapolandi cha Arctowski, Kisiwa cha King George, ikaonekana huko kuanzia mwaka 1985, na kuing'oa imekuwa kazi ya miaka mingi. Wasomaji wa Tanzania na Kenya walitilie maanani zaidi, kwa sababu vifaa vya baridi hukodishwa Moshi kwenye maduka ya wapanda mlima, na nyasi hiyohiyo imeota kando ya njia za wapandaji Kilimanjaro. Mbegu iliyozoea baridi ya mlimani ni hatari kuliko ya Kariakoo. Jaketi la kukodi Moshi linafaa sana, ila lifuliwe, lipigwe brashi na likaguliwe nyumbani kabla ya kufungwa sandukuni.

Kuhusu baridi yenyewe, wazazi wengi huogopa kupita kiasi. Mwezi Desemba na Januari pwani ya Rasi huwa kati ya nyuzi 2 chini ya sifuri na 5 juu yake. Usiku wa kupanda Kilele cha Uhuru ni mkali kuliko huo. Kinachoumiza ni upepo na maji ya chumvi yanayorushwa ndani ya boti. Kwa hiyo pesa ziende kwanza kwenye suruali isiyopitisha maji kabisa, ivaliwe juu ya mabuti na si kuchomekwa ndani, la sivyo wimbi moja hujaza buti. Chini yake fulana na suruali ya ndani ya sufu ya merino au ya sintetiki. Pamba hunyonya jasho na kubaki na ubaridi. Glovu ziwe jozi mbili, nyembamba ndani na zisizopitisha maji nje. Mabuti ya mpira yanayofika karibu na goti, bila kamba, meli nyingi huazima bure. Jaketi zito baadhi hugawa na baadhi hudai uje nalo. Uliza yote mawili kabla ya kununua chochote. Miwani ya jua na krimu ya kukinga mionzi ni kwa kila mtu, mwenye ngozi nyeusi pia, kwa sababu theluji hurudisha mwanga kutoka chini hadi ndani ya pua na chini ya kidevu.

Kupanda boti ya mpira kunafundishwa mara moja na kukaguliwa kila siku. Mikono yote miwili iwe mitupu, mkoba mgongoni. Baharia na mwanafunzi hushikana kiganja kwa kigasha, kila mmoja akikamata mkono wa mwenzake juu ya kifundo, kwa sababu vidole vilivyolowa huteleza. Hatua ni tatu: ukingo wa boti, sakafu, kisha kaa na utelezee nyuma. Hakuna kuruka. Ufukweni mtu hutelezea mpaka omo, yaani mbele ya boti, huzungusha miguu kuelekea upande wa injini, na hushuka taratibu baada ya kiongozi kusema sasa. Boti moja huchukua abiria kama kumi. Zikipakiwa zaidi ili kuokoa muda, hilo ni kosa la kulalamikia papo hapo.

Nchi kavu, umbali wa mita 5 kutoka kwa pengwini ni wa chini kabisa, na mpita njia mwenye haki ni ndege. Pengwini hukanyaga theluji mpaka inakuwa mifereji ya kupandia viotani. Mtu havuki mfereji huo ndege wakiwa njiani. Mguu ukizama mpaka goti, shimo hufukiwa hapohapo, maana pengwini akitumbukia hawezi kutoka. Chakula hakishuki, na choo hakuna, hivyo mwanafunzi aende haja melini kabla ya kuvaa matabaka yote. Tangu mafua makali ya ndege yalipofika kisiwa cha Georgia Kusini Oktoba 2023 na Rasi yenyewe mapema 2024, kukaa, kupiga magoti au kuweka mkoba chini kumekatazwa. Kazi yoyote ya kuandika ifanywe kwa kusimama, kwa kibao chenye kamba shingoni na penseli. Wino husumbua kwenye baridi na unyevu.

Neko Harbour, ghuba ndogo ya Rasi, ni mahali pazuri pa kupimia viongozi. Mto wa barafu uko ng'ambo ya ghuba, na kipande kikubwa kikianguka, mawimbi hufika ufukweni baada ya muda mfupi. Viongozi wanaojua kazi hawaruhusu mtu abaki kwenye changarawe ya chini. Huwapandisha wote juu na kuzisogeza boti mbali. Ukiona watu wanapiga picha miguu ikiwa kwenye maji hapo, msafara hauna usimamizi.

Sasa elimu yenyewe, ambayo ndiyo tofauti kati ya msafara wa wanafunzi na utalii wenye vijana. Mfano ninaoutumia kama kipimo ni Students on Ice wa Kanada, ulioanzishwa na Geoff Green mwaka 2000. Umepeleka vijana Antaktika na Aktiki, wengi kwa ufadhili, vijana wa Kiinuit, wenyeji wa Aktiki, wakiwa miongoni mwao, na ndani ya meli huwa wanasayansi, wasanii na wazee wanaofundisha kwa vitendo. Si lazima kila programu ifanane nao, lakini swali ni hilohilo: nani anafundisha, na wanafunzi wanatoka na data gani?

Dalili nzuri ni kazi ndogo zinazofanywa kwa usahihi. Diski ya Secchi ya kupimia uwazi wa maji, sahani nyeupe ya sentimita 30 yenye kamba iliyowekwa alama, hushushwa upande wa kivuli wa boti. Andika kina inapopotea machoni, ipandishe, andika kina inapoonekana tena, chukua wastani. Kwenye ghuba yenye mto wa barafu vumbi la miamba huipoteza mapema. Kwenye maji yaliyojaa mimea midogo ya baharini pia hupotea mapema, na hapo mwanafunzi hulazimika kueleza ni sababu ipi. Programu ya FjordPhyto hukusanya sampuli za mimea hiyo kwa msaada wa abiria. Happywhale, tovuti ya kutambua nyangumi mmoja mmoja, hupokea picha za upande wa chini wa mkia wa nyangumi, ambao una madoa yasiyofanana. Saa ya kamera iwekwe sawasawa kabla ya safari, la sivyo mahali na wakati havioani. Uchunguzi wa mawingu wa GLOBE, mpango wa kimataifa wa wanafunzi kuchunguza mazingira, unaweza kuanza kufanyiwa mazoezi shuleni, kwani Kenya na Tanzania zimo kwenye mpango huo.

Mhadhiri naye hupimika. Akisema nyangumi wenye nundu wanaoonekana Watamu na Zanzibar mwezi Agosti ndio hawa wa Rasi, hajasoma: wa Rasi hupanda Pasifiki mpaka Kolombia, Panama na Kosta Rika, na wa kwetu hula upande wa kusini wa Bahari ya Hindi. Akisema Mkataba wa Antaktika unakwisha 2048, hajasoma pia. Mkataba wa 1959 hauna tarehe ya mwisho. Mwaka 2048 ni pale nchi itakapoweza kuomba mkutano wa kupitia Itifaki ya Madrid ya kulinda mazingira ya Antaktika, iliyoanza kutumika 1998.

Usalama hauhitaji maneno mengi. Mwaka 2007 meli ya MS Explorer ilizama karibu na Kisiwa cha King George baada ya kugonga barafu, na watu wote 154 waliokolewa kwa sababu bahari ilikuwa tulivu na meli nyingine haikuwa mbali. Tangu Januari 2017 kanuni za kimataifa za meli za ncha za dunia hutaka vifaa vya kuokolea vimtunze mtu kwa siku zisizopungua tano. Mazoezi ya dharura hufanywa kabla ya chombo kutoka au mara tu kinapotoka: milio mifupi saba na mmoja mrefu. Mwanafunzi ajue kituo chake bila kuulizia.

Bima ndiyo huangusha wengi. Ile ya euro 30,000 inayokatwa kwa ajili ya viza ya Schengen ya Ulaya haitoshi hata kidogo. Kampuni hudai gharama ya kuhamisha mgonjwa kuanzia dola 100,000 na zaidi, na sera nyingi za kawaida zina kipengele kinachoondoa maeneo ya ncha za dunia. Soma ukurasa wa maeneo yasiyohusika kabla ya kulipa. Bei ya safari nayo huenda kwa maelfu ya dola kwa kila mmoja, na elfu kumi si ajabu, bila ndege. Bila ufadhili, kwa familia nyingi ni mzigo usiobebeka, na programu isiyo na ufadhili wowote ningeiwekea shaka.

Viza ya Argentina huombwa ubalozi wake wa Nairobi. Hakikisha inaruhusu kuingia zaidi ya mara moja, kwa kuwa kurudi Ushuaia ni kuingia nchini upya. Mwanafunzi chini ya miaka 18 abebe ridhaa ya wazazi wote wawili iliyothibitishwa na wakili. Ethiopian hufika Buenos Aires kupitia São Paulo. Uwanja ni Ezeiza, na ndege za Ushuaia nyingi hutoka Aeroparque, ng'ambo ya jiji, zaidi ya saa moja kwa gari. Mzigo wa ndege za ndani mara nyingi ni kilo 15, kwa hiyo mabuti yako mwenyewe yanaweza kugharimu zaidi ya kuazima. Fika Ushuaia siku mbili kabla. Meli haisubiri sanduku.

Kwa Waislamu, chakula halali kiandikwe kwenye fomu ya awali, si kuombwa mezani, kwa sababu meli hupakia nyama mara moja tu. Mwishoni mwa Desemba usiku wa Rasi hauingii giza kamili, hivyo alama ya isha haionekani. Kundi likubaliane na sheikh wake nyumbani ratiba ipi itafuatwa.

Wanaotaka kuepuka Drake huenda Svalbard, visiwa vya Norwe kwenye Aktiki, meli ikiondokea mji wa Longyearbyen, Juni hadi Agosti, wakati unaooana vizuri na likizo zetu. Svalbard haidai viza, lakini njia ni kupitia Norwe bara, na visiwa hivyo viko nje ya Schengen: viza iwe ya kuingia mara mbili, vinginevyo mwanafunzi hukwama akirudi. Huko viongozi hubeba bunduki kwa ajili ya dubu weupe, na tangu Januari 2025 umbali wa kuwakaribia ni mita 300, au 500 kuanzia Machi hadi mwisho wa Juni. Kushuka hufutwa mara nyingi kwa sababu dubu ameonekana. Hakuna pengwini, waambie wanafunzi mapema.

Kwa tiketi ya kurudi, meli hushusha watu Ushuaia kama saa mbili asubuhi, ila upepo wa Drake unaweza kuichelewesha kwa saa kadhaa. Usikate ndege ya kabla ya saa saba mchana, na ile ya kutoka Ezeiza iwe ya kesho yake.